Kitunguu cha maua na njaa ya 1945

Ndugu msikilizaji, wiki hii naomba tuzungumze juu ya kitunguu. Simaanishi kile cha mchuzi. Nazungumzia kitunguu cha maua, ambacho watu wa nchi za baridi hukiotesha ndani ya nyumba ili kichanue wakati nje kumejaa theluji.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa mwanafunzi Uholanzi, nikapanga chumba kwa bibi mmoja mjini Haarlem. Mwezi wa Oktoba nilimwona akijaza maji katika gilasi yenye shingo nyembamba, kisha juu yake akakalisha kitunguu cha ua liitwalo hayasinti. Tafadhali usilichanganye na lile gugumaji la Ziwa Victoria. Huo ni mmea mwingine kabisa. Maji aliyaacha yakikaribie kitako cha kitunguu bila kukigusa, maana kikilowa huoza. Halafu akaifungia gilasi katika kabati la chini ya ngazi, penye giza na baridi.

Nilicheka kimoyomoyo. Mtu mzima anaficha kitunguu kabatini! Akaniambia, "Kitakaa humo hadi mwaka mpya. Kisipopata baridi hakichanui."

Alisema kweli. Ua la hayasinti hujiumba ndani ya kitunguu tangu wakati wa joto, likiwa dogo mno. Lakini bua lake halirefuki sawasawa mpaka lipite katika majuma kumi au zaidi ya baridi. Ukikipa kitunguu baridi hiyo, kisha ukakileta chumbani penye joto, hudhani majira ya kuchipua yamefika. Mbinu hii ni ya zamani. Katika karne ya 18, wenye fedha wa Ulaya walipopenda kupamba vyumba vyao hivyo, mfinyanzi maarufu wa Uingereza, Josiah Wedgwood, alitengeneza vyungu maalumu vya kazi hiyo.

Basi Januari ua likatoka, la buluu, harufu yake ikajaa nyumba nzima. Nikamtania mwenyeji wangu: "Bibi, kwetu kitunguu kisicholiwa hakipewi hata kona ya kabati." Hakucheka. Akanijibu, "Vitunguu vya maua mimi nimevila."

Ndipo akanieleza. Mwezi Septemba 1944, serikali ya Uholanzi iliyokuwa uhamishoni London iliwataka wafanyakazi wa reli wagome, ili kuyakwamisha majeshi ya Ujerumani yaliyoikalia nchi. Wajerumani wakajibu kwa kuzuia chakula kisipelekwe magharibi mwa nchi. Zuio lilipolegezwa, baridi kali ikagandisha mifereji, mashua zikakwama. Mgao wa chakula mijini ukashuka chini ya kalori 1,000 kwa siku, na ukaendelea kushuka. Watu wapatao 20,000 walikufa kabla nchi haijakombolewa Mei 1945.

Kandokando ya Haarlem ndiko kulikokuwa na mashamba ya maua. Vita vilikuwa vimefunga masoko ya nje, hivyo ghala zilijaa vitunguu vya tulipu visivyo na mnunuzi. Mwenye njaa hana miiko. Hayasinti na narsisi zina sumu, lakini tulipu iliweza kuliwa baada ya kumenywa na kutolewa kiini chake cha manjano. Bibi alikuwa na umri wa miaka 12. Mama yake alivichemsha, akavisaga, akapika uji. Ladha yake, alisema, ilikuwa ya vumbi la mbao lililolowa.

Sasa tazama mizaha ya historia. Tarehe 5 Februari 1637, mjini Alkmaar, si mbali na Haarlem, vitunguu vya tulipu vilivyoachwa na marehemu mmoja vilinadiwa kwa manufaa ya watoto wake yatima. Vikaleta kama gulda 90,000, wakati fundi stadi alipata kama gulda 300 kwa mwaka! Siku zile zile soko lilianza kuanguka. Watu walikuwa wakiuziana ahadi tu, vitunguu vyenyewe vikiwa bado ardhini. Wenyewe waliiita biashara ya upepo. Miaka 308 baadaye, kitunguu cha jamii ile ile kilipimwa kwa sufuria ya mama mwenye watoto.

Nikamuuliza bibi: baada ya hayo yote, kwa nini bado unaotesha maua kila majira ya baridi? Akasema mama yake aliapa kwamba vita vikiisha, nyumba yao haitakosa kitunguu ambacho hakuna anayelazimika kukila. Mama alikitimiza kiapo hicho hadi kufa kwake, na binti akakirithi.

Ndugu msikilizaji, nililichukulia ua lile kuwa anasa ya watu walioshiba. Kumbe lilikuwa kumbukumbu ya njaa. Na njaa ile haikuletwa na ukame wala nzige. Ililetwa na amri ya wenye bunduki, na barafu ikaikamilisha. Basi siku ukisikia kwamba mahali fulani watu wanakula kisicholiwa, usiishie kuuliza mvua ilinyesha kiasi gani. Uliza pia nani amefunga njia.

Kwaherini, hadi wiki ijayo.