Chakubanga na Wale Waliomhifadhi

Mwaka wa 1967 hukumbukwa katika tarikhi ya Tanzania kwa Azimio la Arusha, lililotangazwa mwezi wa Februari, na ni haki ukumbukwe hivyo. Walakini mwaka huohuo yalizaliwa mambo mengine mawili ambayo waandishi wa tarikhi huyapita kwa haraka. Mwezi wa Desemba ilifunguliwa Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam, ili maandishi ya nchi yapate makao. Na katika kurasa za gazeti la Uhuru, lililokuwa sauti ya chama cha TANU, alitokea Chakubanga, mhusika wa katuni aliyeumbwa kwa kalamu ya Christian Gregory, ambaye wasomaji wengi walimtafuta kabla ya kuitazama hotuba yoyote.

Huku Matongo, kusini mwa Tarime, gazeti lilikuwa mgeni aliyechoka. Lilichapwa Dar es Salaam, likasafiri masafa ya zaidi ya maili mia sita hata likaingia Mara, na aghalabu habari zake zilikuwa zimekwisha kusikika redioni. Katuni haikuchakaa kwa mwendo huo. Mmoja alisoma kwa sauti, wengine wakasogea kuitazama picha, kisha karatasi ikaingia katika kazi nyingine za duniani: kusokotea tumbaku, kufungia karanga, kubandikwa ukutani ili kuzuia vumbi la udongo. Hiyo ndiyo sababu ya nakala za zamani kuwa adimu leo. Wasomaji hawakuzidharau, bali karatasi yenyewe ilikuwa mali, hususa katika miaka iliyofuata Vita vya Kagera, wakati ambapo hata daftari la mwanafunzi lilitafutwa kwa taabu.

Basi mtu aliyeshika mkasi akaikata katuni na kuibandika katika daftari alikuwa akitenda jambo la thamani kubwa, ingawa hakuna aliyemwita mhifadhi. Daftari la namna hiyo lina dalili zake. Gundi yake ilikuwa uji mzito wa unga, nao uliwaalika mende, wakala pembe za picha na kuacha wino. Karatasi imekuwa na rangi ya chai, na mahali ilipokunjwa pamekatika. Ukibahatika kuipata picha isiyobandikwa, igeuze: nyuma utakuta nusu ya tangazo, au matokeo ya mpira yasiyo na jina la timu ya pili, na kwa vipande hivyo mtu mwenye subira huweza kuipata tarehe ambayo mkasi uliiondoa. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hasara kuu ya madaftari haya, kwamba wenyewe waliipenda picha mno hata wakaisahau siku yake. Na katuni iliyotoka kuisuta siku fulani, ikiikosa siku hiyo, hupoteza nusu ya kauli yake.

Matongo haiko mbali na mpaka wa Kenya huko Sirari, na ng'ambo ya mpaka huo alikuwako mhusika mwingine wa katuni, Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyedumu kwa miongo mingi katika Taifa Leo la Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 mpaka ulifungwa, usifunguliwe hata mwaka 1983, na anayekusanya magazeti ya pande zote mbili hana budi kuikumbuka miaka hiyo kabla ya kuwalaumu wazee kwa kutokuwa na nakala.

Katika miaka hiyohiyo ya 1980 likaja jarida la Sani, na pamoja nalo Philip Ndunguru, mchoraji kijana aliyewapa Watanzania Ndumilakuwili, Lodilofa, Pimbi na Kipepe. Alifariki mwaka 1986, angali katika ujana wake. Wachoraji wengine waliwapokea wahusika wake wakaendelea nao, hata msomaji wa baadaye akadhani wametoka mkono mmoja. Lakini weka nakala ya kwanza kando ya nakala ya miaka kumi baadaye, utaona mistari imebadilika. Uso ni uleule, ilhali pumzi si ileile. Ushahidi huo haupatikani kwa masimulizi. Hupatikana kwa karatasi tu, na ndiyo maana namhesabu mwenye sanduku la Sani kuukuu kuwa miongoni mwa walinzi wa sanaa ya nchi hii, sawa na yule ahifadhiye kanda za taarabu au picha za harusi za zamani.

Ewe msomaji, ikiwa chini ya kitanda cha babu yako mna magazeti yenye Chakubanga, au majarida yaliyopoteza majalada, usiyauze kwa kilo kwa wafungao maandazi. Usiyakate. Yaache kurasa nzima, andika kwa penseli pembeni mwaka na mahali yalipopatikana, yaweke mbali na unyevu na mchwa. Na siku utakapochoka kuyatunza, yapeleke maktaba iliyo karibu nawe, uyakabidhi kwa maandishi.