Wimbo wa Kazi na Mwenye Kuuchagua

Mwenye shamba kubwa Usukuma alipotaka kulimiwa kabla msimu haujampita, aliita kikundi cha walimaji, nao walikuja na ngoma zao. Manju aliongoza, majembe yakainuka na kushuka kwa pigo moja, na safu nzima ikasonga mbele pamoja. Bugobogobo, ngoma ambayo leo huchezwa jukwaani kwa majembe, imetoka huko huko shambani. Pwani nako, mabaharia waliimba wakivuta kamba za tanga, na wanawake walitwanga wakipokezana michi na beti. Sitaki kuyapamba maisha hayo. Jembe lilikuwa zito na jua lilikuwa kali. Lakini anayefuatilia historia ya kusikiliza muziki huku mikono ikiwa kazini lazima aanzie hapo, kwa kuwa hapo wimbo ulikuwa mali ya mfanyakazi. Aliuanzisha mwenyewe, aliupunguza kasi alipochoka, na alipenda kuutia fumbo la kumsema mkubwa wake.

Viwanda vya Ulaya viliuvunja mpango huo. Mwaka 1823 wasokota nyuzi wa kiwanda kimoja cha pamba huko Tyldesley, karibu na Manchester, waliwekewa orodha ya faini. Aliyekutwa ameacha dirisha wazi alitozwa shilingi 1. Aliyekutwa mchafu kazini, shilingi 1. Aliyesikika akipiga mbinja, shilingi 1 vilevile. Na pale pasipokuwa na faini, ngurumo za mitambo zilitosha kuzizima sauti za watu.

Wenye nafasi zao walikuwa wakinunua muziki wa pembeni tangu kabla ya hapo. Mwanzoni mwa karne ya 18 wafalme na makabaila wa Ujerumani walikula huku wapiga vyombo wakiwatumbuiza, na mwaka 1733 mtunzi Telemann alichapisha mkusanyo mzima uliobeba jina la muziki wa mezani. Johann Forkel, aliyeandika maisha ya mtunzi Bach mwaka 1802, alisimulia kwamba tungo zile maarufu za Goldberg zilitungwa kwa ajili ya balozi Keyserlingk, aliyekosa usingizi na kumwamsha kijana wake, Goldberg, ampigie kinanda usiku. Wataalamu wengi wanaitilia shaka hadithi hiyo. Hata hivyo inafahamika kwa nini ilipendwa: tajiri kitandani, mtumishi kwenye kinanda.

Aliyejaribu kuufanya waziwazi muziki huu wa pembeni ni mtunzi Erik Satie. Tarehe 8 Machi 1920, katika ukumbi mmoja wa maonyesho ya picha za kuchora jijini Paris, yeye na mtunzi mwenzake Darius Milhaud walitawanya wapigaji katika pembe mbalimbali za ukumbi, wapige vipande vifupi vya kurudiarudia wakati wa mapumziko ya mchezo wa kuigiza. Satie aliuita muziki huo fanicha: uwepo chumbani kama kiti kilivyo, bila kuangaliwa. Tangazo liliwaomba watazamaji wasiujali. Muziki ulipoanza, wakanyamaza na kurudi vitini. Satie akawa anazunguka akiwasihi waongee, watembee, wasisikilize. Hawakumwitikia. Watu wa mwaka ule walikuwa hawajajifunza bado kuupuuza muziki unaopigwa na wanadamu mbele ya macho yao.

Somo hilo walifundishwa na waya. Jenerali George Owen Squier wa jeshi la Marekani alikuwa amevumbua njia ya kupitisha mawasiliano mengi kwa pamoja katika waya mmoja wa simu, na mwaka 1922 uvumbuzi wake ukazaa kampuni ya kusambaza muziki kwa nyaya. Mwaka 1934, mwaka aliofariki, huduma hiyo ilipewa jina la Muzak, Squier akiwa ameunganisha neno la muziki na jina la Kodak. Baada ya muda wataalamu wa kampuni walitengeneza utaratibu wa dakika 15 za nyimbo zilizopangwa kuanzia iliyopoa hadi iliyochangamka, kisha kimya, kisha dakika 15 nyingine. Shabaha ilikuwa zile saa za katikati ya asubuhi na alasiri ambazo mfanyakazi hulegea. Sauti za waimbaji ziliondolewa ili maneno yasimvute mtu akili.

Uingereza nayo ilikuwa na ushahidi wake. Mwaka 1937 watafiti Wyatt na Langdon walitoa ripoti kuhusu uchovu na kuchoshwa katika kazi za kurudiarudia, wakaonyesha kwamba muziki kiwandani ulipunguza kuchoshwa na kuongeza uzalishaji. Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, BBC ilianzisha kipindi cha Music While You Work tarehe 23 Juni 1940, nusu saa asubuhi na nusu saa alasiri. Wynford Reynolds, aliyekisimamia, alizuia nyimbo za polepole na midundo migumu kufuatwa. Wimbo wa Deep in the Heart of Texas ulizuiwa kwa sababu nyingine: una mahali pa kupiga makofi manne, na wafanyakazi walikuwa wakiyapiga kwa spana juu ya mitambo. Naupenda sana ushahidi huu mdogo. Kwa makofi manne tu, wimbo ulikuwa umerudi mikononi mwa wenye kazi, na ndiyo sababu ulikatazwa.

Upinzani ulifika mahakamani. Jijini Washington kampuni ya usafiri ilifunga vipaza sauti vya redio katika mabasi na tramu zake, na abiria wawili wakashtaki. Mwaka 1952 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba redio ile haikuvunja katiba. Jaji William Douglas alipinga, akishikilia kwamba abiria hana pa kukimbilia na ana haki ya kuachwa na utulivu wake. Jaji Felix Frankfurter alijiondoa katika kesi, akieleza kwamba yeye mwenyewe alikuwa akiudhika mno na redio hizo kiasi cha kutofaa kuhukumu. Aliyewahi kupanda matatu Nairobi au daladala Dar es Salaam hatahitaji kufafanuliwa hisia za jaji huyo. Mwaka 1969 Baraza la Kimataifa la Muziki, lenye uhusiano na UNESCO, lilipitisha azimio la kulaani matumizi mabaya ya muziki katika maeneo ya umma.

Kisha Sony ikatoa Walkman mwaka 1979, na kila mtu akaweza kubeba wimbo wake. Chombo cha kwanza kilikuwa na matundu mawili ya hedifoni, maana Akio Morita aliona ni utovu wa adabu mtu kusikiliza peke yake mbele ya mwenziwe. Haukupita muda tundu la pili likaondolewa.

Lakini msomaji anayefungulia muziki huku akisoma ana tatizo lisilomsumbua mlimaji. Utafiti wa Salamé na Baddeley wa mwaka 1989 ulionyesha kwamba nyimbo zenye sauti za waimbaji huvuruga zaidi kumbukumbu ya muda mfupi kuliko muziki wa ala tupu. Maneno ya wimbo na maneno ya kichwani hugombania njia moja.

Leo simu hupanga nyimbo za kusomea, za kazi na za kulala, na anayepanga ni kampuni tena. Spotify huhesabu wimbo kuwa umesikilizwa baada ya sekunde 30, na kwa miaka kadhaa watu walipakia sauti za mvua na mawimbi zilizokatwa vipande vya urefu huo. Aliyelala saa 8 na vipande hivyo alihesabiwa amesikiliza mara 960. Novemba 2023 kampuni ilitangaza kwamba sauti za namna hiyo zitalipwa zikifika dakika 2. Kwa usingizi ule ule na vipande vya dakika 2, sasa ni mara 240.