Maktaba Iendayo kwa Wasomaji: Historia Fupi ya Maktaba ya Ngamia ya Garissa

Tarehe 14 Oktoba 1996, ngamia watatu waliondoka mjini Garissa, nchini Kenya, na shehena isiyokuwa desturi ya wanyama hao kuichukua, nayo ni masanduku ya vitabu. Huo ndio mwanzo wa Maktaba ya Ngamia, mtoto wa Shirika la Huduma za Maktaba la Taifa, ambalo Bunge liliunda kwa sheria mwaka 1965, na ambalo, kama maktaba zote, lilikuwa na mazoea ya kumngoja msomaji aje mlangoni, hata likatambua kwamba msomaji wa Kaskazini Mashariki, kwa jinsi maisha yake yalivyo, mara nyingi hana njia ya kuufikia mlango huo.

Haifai kuisimulia habari hii bila kukumbuka nchi yenyewe ilivyokuwa. Zama za wakoloni, eneo lililoitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini lilifungwa, mtu wa nje asiweze kuingia ila kwa kibali. Na baada ya uhuru vikaja vita, na baada ya vita zikabaki sheria za hali ya hatari hadi mwaka 1991, mambo ambayo hapa si mahali pake kuyaeleza. Itoshe kusema ya kwamba shule na barabara zilichelewa kufika, na kwamba wafugaji walio wengi waliendelea kuhama wakiifuata mvua, watoto wao pamoja nao. Gari la maktaba huku huzama mchangani, lataka mafuta, na chuma chake kikivunjika sharti kingine kingojwe kutoka mbali. Ilhali ngamia hujitafutia chakula kwenye miti ya miiba, hustahimili kiu siku nyingi, na njia aijua kuliko dereva yeyote.

Sisi tuipendao huduma hii twaona kuwa busara kubwa ya waasisi wake ni kwamba hawakuleta jambo geni. Kabla Serikali haijafikiri shule, mwalimu wa Kurani alikuwa akihama pamoja na mifugo, watoto wakiandika kwa wino wa makaa juu ya ubao uitwao loho, jioni kando ya moto, na boma lilipovunjwa duksi, yaani darasa lile la Kurani, nayo ilivunjwa ikaenda zake. Elimu isafiriyo kwa miguu ilikuwa na heshima yake katika jamii hii ya wafugaji karne nyingi kabla ya mwaka 1996. Maktaba ya Ngamia ilifuata nyayo za mwalimu yule, na ndiyo maana, naamini, wazazi waliipokea bila shaka nyingi.

Utaratibu wa msafara ulikuwa mwepesi, nao ungali unapendeza kuusimulia. Masanduku ya vitabu hufungwa ubavuni mwa ngamia, yakisawazishwa kwa uzito ili mnyama asiumie. Mwenziwe huchukua hema na mikeka. Mchungaji hutangulia na mkutubi hufuata. Wafikapo kwenye shule au kwenye makazi ya wahamaji, hema husimamishwa, vitabu hupangwa, na watoto huketi mkekani wakachagua. Kitabu huazimwa kwa siku 14, kisha msafara hurudi kukitwaa na kuacha kingine. Na katika ahadi hiyo ya kurudi, ambayo pande zote mbili zilitakiwa kuitimiza, nadhani ndimo ilimokuwa nusu ya mafunzo. Mwaka 1999 mkutubi Richard Atuti aliandika habari zake katika jarida la shirikisho la kimataifa la maktaba, na wageni wakaanza kuuliza Garissa iko wapi.

Miaka iliyofuata mwanzo ule yataka kutajwa kwa muhtasari. Huduma ilienea hadi Wajir. Mvua kubwa za 1997 na 1998 zilileta gharika na homa ya Bonde la Ufa, ambayo ilirudi mwishoni mwa 2006, na biashara ya mifugo ikazuiwa. Mwaka 2005 Margriet Ruurs alitoa kitabu cha watoto kuhusu maktaba za ajabu duniani, yetu ikiwamo. Mwaka 2007 Masha Hamilton akatoa riwaya yake kuhusu maktaba ya ngamia, ambayo kisa chake chatokana na vitabu ambavyo kijana mmoja hakuvirudisha. Mwaka 2013 zikaja serikali za kaunti. Aprili 2015 mji wetu ulipatwa na msiba wa shambulio la kigaidi katika chuo kikuu chetu, na waliotutoka twawaombea rehema.

Kisha ukaja mwaka 2020. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 13 Machi, na kabla ya mwezi kwisha shule, maktaba na makumbusho, tangu Nairobi hadi Fort Jesus, zilikuwa zimefungwa. Ramadhani ikaingia misikiti ikiwa imefungwa pia, na mwishoni mwa Aprili kambi za wakimbizi za Dadaab zikazuiliwa watu kutoka na kuingia. UNESCO ilihesabu makumbusho zaidi ya 85,000 duniani yaliyofunga milango, takriban asilimia 90 ya yote, na kati ya yale ya Afrika na ya visiwa vinavyoendelea asilimia 5 tu ndiyo yaliyoweza kuonyesha hazina zao kwa intaneti. Makumbusho ya Taifa yetu yalikuwa yametangulia kidogo, yakishirikiana na Google tangu 2019. Lakini picha za mtandaoni zamfaa aliye na simu na umeme, na masomo ya redioni humfaa aliye na redio.

Hapo ndipo dunia ilipomkumbuka ngamia. Katika Jimbo la Somali la Ethiopia, Save the Children, ambao walikuwa na ngamia wa vitabu tangu 2010, waliwatumia kuwafikia watoto zaidi ya 22,000 katika vijiji 33 huku shule zimefungwa. Na mwezi wa Agosti, huko Balochistan nchini Pakistan, ngamia aitwaye Roshan akaanza kuzunguka vijijini na masanduku yake. Sisemi walijifunza kwetu. Nasema kwa fahari kwamba lililotafutwa kwa haraka mwaka ule, yaani kumpelekea mtu elimu pale alipo badala ya kumwita, Garissa ililifanya kwa subira tangu 1996.

Shukrani zetu ni kwa wakutubi, kwa walimu waliofungua viwanja vya shule, na hasa kwa wachungaji wa ngamia, ambao majina yao ni nadra kutajwa na bila wao hakuna sanduku ambalo lingefika. Wazee wa mitaa ya Waberi, Galbet na Iftin waliowajua wachungaji wa msafara ule wa kwanza twawaomba waje maktabani waturekodie habari zao, wangali na afya.