Kakutsa Cholokashvili na Hifadhi ya Waislamu wa Milimani

Wanafunzi wa Fiqhi wanaujua mlango wa amani: Muislamu akimpa hifadhi asiyekuwa Muislamu, haijuzu kumvunjia ahadi madhali hajawadhuru Waislamu. Historia ya Kaukasi inatupa mfano wa karibu.

Tarehe 25 Februari 1921 Jeshi Jekundu liliingia Tbilisi na kuiangusha dola ya Georgia. Kanali Kakutsa Cholokashvili, Mkristo wa ukoo wa kitawala aliyezaliwa mwaka 1888, alikataa kusalimu amri. Mwaka 1922 aliwaongoza watu wa milima ya Khevsureti kupigana. Walipozidiwa nguvu, alivuka milima akaingia Chechnya. Huko alipata hifadhi kwa Waislamu ambao babu zao walipigana na Warusi chini ya Imamu Shamil. Nao pia walikuwa chini ya utawala huo huo wa Kisovieti. Kumficha mtu anayesakwa halikuwa jambo jepesi.

Agosti 1924 uasi ulipozuka Georgia, Kakutsa alirudi vitani na kuuteka mji wa Dusheti. Uasi ulizimwa mwezi Septemba, na maelfu waliuawa. Yeye alikimbilia Uturuki, kisha Ufaransa, alikofariki kwa kifua kikuu mwaka 1930. Mabaki yake yalirejeshwa Georgia mwaka 2005.

Wako wanaodhani kuwa tofauti ya dini inaondoa haki ya mgeni. Waulizwe: wale wa Chechnya, waliohatarisha roho zao, walipungukiwa na nini katika Uislamu wao? Wallahu a'lam.