Programu ya Simu Ikigoma Kufunguka, Usianze kwa Kuifuta



Juzi baada ya swala ya magharibi nilikuwa nimeketi barazani, hapa karibu na Mnara wa Mbaraki. Jirani yangu, mzee wa makamo ya marehemu babangu, akanijia na simu mkononi. "Mwanangu, WhatsApp imekataa kufunguka tangu asubuhi. Kijana wa dukani amenambia niifute kisha niitie upya. Niifute?"

Nikamwambia, "La, Ami. Ngoja kwanza. Usiguse kitu."

Nilimzuia kwa sababu mlango huo nimeshaupita. Mwaka 2019 simu yangu iliisha chaji ikalala siku kadhaa, na nilipoiwasha WhatsApp ikakataa. Mimi mwenye diploma, sikutaka kuuliza mtu. Nikaifuta, nikaitia tena, ikakataa. Mwishowe nikairudisha simu nzima kama ilivyotoka kiwandani. Hapo ikafunguka, nami nikajisifu. Usiku ndio nikakumbuka: sauti za babangu, aliyefariki mwaka mmoja kabla, zilikuwa humo. Hazikuwa na jambo kubwa. "Ukija, nipitishie mofa kwa yule mama." "Umeshafika?" Sikuwa nimeziweka nakala popote, na hazikurudi.

Kosa lenyewe lilikuwa tarehe. Simu ilipozimika saa yake ilirudi nyuma miaka, na ujumbe wa kunieleza hivyo ulikuwa juu ya kioo. Nilikuwa naufunga bila kuusoma.

Kwa hivyo makala ya leo ina kanuni moja: anza na hatua isiyokupotezea kitu, na ile inayofuta iwe ya mwisho. Fuata mpangilio huu.

Kwanza: soma simu inasema nini

Programu ikigoma, mara nyingi hutoa neno. Huenda inasema nafasi imekwisha, au tarehe si sahihi, au hapana mtandao, au inataka kusasishwa. Kama Kiingereza chake ni kigumu, piga picha ya kioo, umwonyeshe mjukuu. Sentensi hiyo moja inaweza kukuondolea nusu ya kazi.

Pili: jua kosa li upande gani

Kosa huwa katika simu yako, katika mtandao, au kwa wenye programu. Fungua programu nyingine inayotumia intaneti. Kama zote zimekufa, tazama bando, zima waifai ujaribu data ya laini, na uwashe kisha uzime hali ya ndegeni. Kama ni moja tu iliyogoma, muulize jirani kama yake inafanya kazi.

Usidharau swali hilo la jirani. Tarehe 4 Oktoba 2021, WhatsApp, Facebook na Instagram zilizimika dunia nzima kwa muda wa saa sita hivi, kwa kosa la mipangilio katika mitambo ya wenyewe. Julai 2023 eCitizen ilishambuliwa mtandaoni, na watu wenye shida za pasipoti na leseni wakakwama. Mei 2024 waya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika na intaneti ikadhoofika Afrika Mashariki. Waya hizo zote mbili zinatua papa hapa Mombasa, lakini ujirani huo haukutusaidia siku ile. Katika visa kama hivyo simu yako ni nzima. Aliyefuta programu siku hiyo alijiongezea mzigo tu. Dawa yake ni subira.

Kumbuka pia kwamba programu ni mlango mmoja wa huduma, na huduma yaweza kuwa na milango mingine. Programu ya M-Pesa ikikataa na una mgonjwa wa kulipiwa dawa, piga *334# au tumia menyu iliyo kwenye laini. Pesa zako haziko ndani ya programu.

Tatu: hatua zisizopoteza kitu

1. Ifunge programu kabisa, kisha zima simu uiwashe. Ni jambo dogo, lakini simu isiyozimwa wiki tatu huchoka.

2. Tazama tarehe na saa. Programu inapozungumza na mitambo yake hukagua cheti cha usalama, na cheti hicho kina siku ya kuanza na siku ya kwisha. Simu ikidhani tuko mwaka 2015, itakiona cheti hakifai na kukataa. Nenda kwenye mipangilio, uiache simu ichukue tarehe na saa yenyewe kutoka kwa mtandao.

3. Tazama nafasi. Simu iliyojaa haina pa kuandika hata jambo dogo, kwa hivyo programu hufunguka na kujifunga papo hapo. Anza kuondoa video za makundi.

4. Sasisha programu, na simu yenyewe. Tarehe 22 Machi 2021 programu nyingi za Android, Gmail ikiwemo, zilikuwa zikijifunga kila zikifunguliwa. Kosa halikuwa ndani yake. Lilikuwa katika kipande cha Android kiitwacho WebView, ambacho programu nyingi hukitegemea kuonyesha kurasa, na Google walilitengeneza kwa kutoa sasisho jipya. Sasisha kutoka Play Store au App Store pekee. Faili la programu ulilorushiwa katika kundi hulijui lilikotoka. Na kama simu ni ya zamani sana, ukubali: WhatsApp, kwa mfano, haifanyi kazi tena kwenye Android iliyo chini ya toleo la 5.

5. Tazama ruhusa na uokoaji wa betri. Halati yangu alilalamika Ramadhani kwamba programu yake ya nyakati za swala haiadhini mpaka aifungue mwenyewe. Programu ilikuwa nzima. Simu, kwa kuokoa betri, ilikuwa inailaza kila kioo kikizimika. Tuliiruhusu ifanye kazi nyuma ya pazia, tukairuhusu ijue mahali alipo, na alfajiri iliyofuata ikaadhini.

6. Kwenye Android, ingia mipangilio, programu, chagua iliyogoma, kisha hifadhi. Utaona vitufe viwili vinavyofanana kama pacha. Kimoja hufuta akiba, yaani takataka za muda, na hicho hakina madhara. Kingine hufuta data, yaani vitu vyako vilivyomo. Soma mara mbili kabla ya kubonyeza.

Nne: kabla ya kufuta, weka nakala

Hapa ndipo nilipoangukia mimi. Kama WhatsApp bado inafunguka japo kwa taabu, ingia mipangilio yake, sehemu ya gumzo, uweke nakala kwenye akaunti yako ya Google, au iCloud kwa mwenye iPhone. Hakikisha umeona tarehe ya leo kwenye nakala hiyo, na kwamba unalikumbuka neno la siri la akaunti.

Kama haifunguki kabisa, kwenye Android kuna folda ya WhatsApp ndani ya simu. Humo mna picha, sauti, na nakala za gumzo ambazo programu hujiwekea yenyewe usiku. Inakili folda nzima kwenye kompyuta kabla ya kufuta chochote. Mwenye iPhone anaweza kuiondoa programu kwa njia inayobakisha data zake, na achague hiyo badala ya kuifuta moja kwa moja.

Ukipeleka simu kwa fundi, mwambie wazi: "Usifute kitu kabla ya kuniuliza." Kurudisha simu kiwandani ni njia rahisi kwake, kwa sababu vitakavyopotea si vyake. Na PIN ya M-Pesa au ya benki usimpe, wala usimpe mtu yeyote anayejiita mhudumu wa kampuni. Hapana tatizo la kufunguka kwa programu linalohitaji mtu mwingine aijue PIN yako.

Sasa turudi barazani. Simu ya Ami nilipoisoma ilikuwa inasema nafasi imekwisha. Ilijaa video za salamu za Ijumaa, zile za maua na ndege, moja imerudiwa mara tisa. Tulizifuta pamoja, tukazima, tukawasha. WhatsApp ikafunguka. Nikamwekea nakala kabla hajaondoka.

Kitu cha kwanza alichofungua ni ujumbe wa sauti wa bintiye aliyeko Maskati, wa miezi minane iliyopita. Akausikiliza mpaka mwisho huku ameusogeza sikioni. Mimi nikatazama upande mwingine.

Leo jioni, hata kama simu yako haina tatizo, weka nakala. Tukutane juma lijalo, inshallah.