Mwalimu na Nukta Sita

Mvumi imo katika nchi ya Ugogo, kusini-mashariki ya mji wa Dodoma, mahali pa mvua haba na vumbi jingi. Wamisionari wa Kianglikana waliweka huko kituo, na hospitali yao ikapata sifa katika tiba ya macho. Daktari Allen Foster, aliyefanya kazi hapo katika miaka ya 1970 na 1980, aliandika mwaka 1987 pamoja na Alfred Sommer juu ya mambo yaliyokuwa yakipofusha watoto wa Tanzania: surua, upungufu wa vitamini A, na dawa za kienyeji zilizotiwa machoni. Hospitali iliokoa macho ya wengi. Lakini kwa mtoto aliyekwisha kupofuka lilibaki swali lisilo la daktari: atasomaje?

Jibu lilikuwa limekwisha kutungwa Ufaransa. Louis Braille, aliyezaliwa mwaka 1809 na kupofuka utotoni, alichapisha mwaka 1829 maandishi ya nukta nundu: nukta 6 katika safu 2, ambazo kwa kupangwa huku na huku hutoa alama 63. Kiswahili, kiandikwacho kwa herufi za Kirumi, kiliingia humo bila taabu. Mwaka 1950 ilianzishwa shule ya wasioona huko Buigiri, mashariki ya Dodoma, ya kwanza ya namna yake katika Tanganyika.

Historia ya shule za namna hii husimulia zaidi habari za majengo na wanafunzi, na mwalimu husahauliwa. Hata hivyo, mwalimu aonaye ndiye aliyekabiliwa na badiliko kubwa. Chombo cha kwanza kilikuwa fremu na kalamu ya kutobolea. Karatasi hutobolewa kutoka kulia kwenda kushoto, kila herufi ikigeuzwa, ili ikipinduliwa isomwe kutoka kushoto kwenda kulia. Mtu mzima aliyezoea chaki alirudi kuwa mwanafunzi wa darasa la kwanza, na kidole chake kilikuwa kizito kuliko cha mtoto aliyemfundisha. Mara nyingi alisoma nukta kwa macho, akifuata vivuli vyake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mwaka 1951 ilitokea Marekani mashine ya Perkins, iliyobuniwa na David Abraham. Ina vitufe 6, kimoja kwa kila nukta, na herufi hutokeza juu ya karatasi papo hapo, isomeke pasipo kupinduliwa. Iliondoa taabu ya kuandika kinyume, ikaleta nyingine: ni nzito, karibu kilo 5, bei yake ni kubwa, na kitufe kimoja kikikwama, kila herufi yenye nukta ile huharibika. Basi mwalimu alipaswa kujua pia kuisafisha na kuitunza.

Hasara ya kutojifunza haimpati mwalimu. Mwanafunzi huandika jibu sahihi, na mbele ya mwalimu asiyejua nukta karatasi hiyo ni kama karatasi tupu.

Jambo hili huonekana wazi zaidi mahali ambapo wasioona husoma pamoja na waonao, kama katika shule ya sekondari ya Dayosisi ya Central Tanganyika hapo Mvumi. Chuo cha Patandi, mkoani Arusha, hufundisha walimu wa elimu maalumu. Lakini mwalimu wa hesabu au jiografia mara nyingi hakupitia mafunzo hayo. Kwake chombo kipya hubadili hata usemi. Akiandika ubaoni na kusema, "Hii ukijumlisha na hii unapata hii," nusu ya darasa huelewa na nusu hubaki gizani. Sharti ataje kila tarakimu na kila alama. Atakapozoea kusema hivyo, waonao nao watafaidika, kwa maana mengi yaliyoachiwa macho hayakuwa yamefafanuliwa.

Siku hizi kuna kompyuta zisomazo maandishi kwa sauti, na wako wadhanio kwamba nukta zimepitwa na wakati. Lakini sauti pekee haimwonyeshi mtoto tahajia ya neno wala mpangilio wa mlinganyo. Nukta humwonyesha chini ya kidole chake. Kompyuta nayo yamdai mwalimu kile kile kilichodaiwa Buigiri: akubali kuwa mwanafunzi kwanza. Shule ipokeayo mashine bila kumpa mwalimu muda wa kujifunza imepokea mzigo wa kuweka kabatini.