Mafuta ya Kufa au Mafuta ya Wagonjwa?
Historia fupi ya kusindikiza wenye kufa katika inchi ya Dilolo



Katika mwaka wangu wa kwanza wa upadri, watu wa muji mumoja wa upande wa Dilolo walinitumia kijana na baiskeli. «Padri, mama anakufa.» Nilichukua Ekaristi na mafuta, tukaenda. Nilipoingia ndani ya nyumba, mama yule hakuweza tena kusema wala kumeza. Alikuwa amelala pale miezi minane, na kidonda cha kansa katika ziwa. Nikauliza: «Sababu gani hamukuniita mbele?» Mujomba wake akajibu bila kuficha: «Padri, tuliogopa. Mafuta yako ni mafuta ya kufa.»

Neno lile lina historia yake, na sisi mapadri tuna fungu letu ndani yake. Basi tuitazame historia ile, tupate kujua namna ya kuitengeneza.

I. Wakati wa wazee

Kwa Wachokwe, Waluvale na Walunda-Ndembu, ukoo hufuata upande wa mama. Kwa hiyo, mutu akigonjwa sana, mujomba wake na ndugu wa mama walipashwa habari. Mugonjwa hakuachwa peke yake. Tena wazee walijua kwamba chuki inayofichwa katika jamaa inamulemea mugonjwa. Mwalimu Victor Turner, aliyekaa na Wandembu wa Mwinilunga ngambo ya mupaka, kati ya mwaka 1950 na 1954, aliandika juu ya dawa ya ihamba: munganga anawakusanya watu, na kila mumoja anaungama mbele ya wote manunguniko aliyo nayo juu ya mugonjwa. Turner mwenyewe aliingia Eklezia Katolika baadaye.

Lakini tusiwasifu wazee kwa upande mumoja tu. Ile akili iliyotafuta chuki ndani ya jamaa ilitafuta pia mulozi. Mutu akiisha kufa, watu walikwenda kwa mulaguzi kuuliza: nani amemuua? Mara nyingi jibu lilimwangukia muzee, mujane au mutu asiye na wa kumutetea. Kilio kikageuka hukumu. Na mume au bibi aliyebaki alidaiwa malipo na ukoo wa marehemu. Hivyo wale waliotakiwa kufarijiwa waliogopa zaidi kuliko wengine.

II. Reli na kompani

Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Katika mwaka 1931 reli kutoka Tenke ilifika Dilolo, ikaungana na ile ya kutoka Lobito. Watu wa inchi yetu wakapanda gari la moshi kwenda kutafuta kazi katika shaba. Karibu na mwisho wa miaka ya 1920 kompani iliona faida ya kuwakalisha wafanyakazi pamoja na bibi na watoto katika kambi, na kambi zilikuwa na hospitali.

Hospitali zile ziliokoa watu wengi, tusisahau shukrani. Lakini kufa kwenyewe kulibadilika. Mugonjwa alilala katika kitanda chenye namba, na jamaa walingoja saa ya kuingia. Mujomba alikuwa mbali, mwisho wa reli. Barua ilimufikia nyuma ya maziko. Munganga alijifunza kuponya, asipoweza kuponya, alisema: «Mumurudishe nyumbani, hakuna cha kufanya tena.» Neno hilo tunalisikia hata leo. Kumbe, pale ambapo kuponya kumekwisha, kazi nyingine ingali kubwa.

III. Misioni

Mwaka 1922 Wafransisko wa Ubelgiji walipewa Lulua na Katanga ya Kati. Mapadri walikuwa wachache, na inchi kubwa. Ni katekista aliyekaa na mwenye kufa, aliyesali naye tendo la majuto, aliyebatiza wakati wa hatari. Heshima yake iandikwe hapa.

Lakini tulifundisha watu kuita sakramenti ile «Mupako wa mwisho». Padri alifika akiwa na mafuta wakati pumzi inakatika. Watu waliona mafuta, kisha waliona kifo. Wakaunganisha mambo mawili, na nani atawalaumu? Mutaguso wa Vatikano wa pili, tarehe 4 Desemba 1963, ulisema kwamba jina la Mupako wa wagonjwa linafaa zaidi, na kwamba wakati wake unafika mutu anapoanza kuwa katika hatari kwa ugonjwa au uzee. Paulo VI alitengeneza adabu yake mpya tarehe 30 Novemba 1972. Vitabu vilibadilika, hofu ya watu wa vijiji vyetu haijabadilika kwa kadiri ileile.

IV. Vita na kuanguka kwa kazi

Mwaka 1975 vita vya Angola vilifunga reli ya Lobito. Katika Machi 1977 askari waliotoka Angola waliingia Dilolo. Katika Mei 1978 Kolwezi. Wakimbizi walivuka mupaka mara nyingi mpaka vita vilipokwisha mwaka 2002, na wengi walikufa mbali na makaburi ya wazee wao. Gécamines nayo ilidhoofika: mgodi wa Kamoto ulianguka mwaka 1990, na katika miaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10.000 waliachishwa kazi. Kwa jamaa hizo, munganga wa kompani alikwisha.

Hivyo kufa kumerudi nyumbani. Lakini nyumba ya leo haiko kama muji wa zamani. Ukoo umetawanyika, feza ya dawa inatafutwa kwa kuuza mbuzi na shamba, na hofu ya ulozi imebaki.

V. Wengine walifanya nini?

Katika mwaka 1879 Masista wa Mapendo wa Irlande walifungua huko Dublin nyumba ya kuwapokea wenye kufa. Mwaka 1905 wakafungua nyingine London. Katika nyumba hiyo ya London alifanya kazi munganga Cicely Saunders, ambaye mwaka 1967 alianzisha nyumba ya Mutakatifu Kristofori. Alifundisha kwamba maumivu ya mwenye kufa ni ya namna nyingi pamoja: mwili, roho, jamaa, na deni nyumbani. Tena alifundisha kutoa morfini kwa saa zake, bila kungoja mugonjwa alie.

Wengine watauliza: je, haiko zambi? Papa Pio XII alijibu waganga tarehe 24 Februari 1957: ni halali kupunguza maumivu kwa dawa hizo, hata kama labda zinafupisha maisha, kama hakuna njia nyingine na mugonjwa hazuiwi kutimiza kazi za dini na za haki. Kutaka kuua ni jambo lingine kabisa.

Karibu nasi, Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda huko Kampala mwaka 1993. Unga wa morfini unachanganywa na maji. Mugonjwa anakunywa kipimo chake kila saa 4, nyumbani kwake, mbele ya watoto wake. Tangu mwaka 2004 sheria ya Uganda inaruhusu wauguzi waliofundishwa kazi hiyo kuandika dawa hiyo. Basi jumba kubwa si la lazima. Lazima ni dawa, mutu aliyefundishwa, na mulango unaobishwa kila juma.

VI. Kazi yetu

Ndugu mafratri, mapadri na makatekista, morfini haiko mikononi mwetu. Tuwaombe na kuwasumbua wenye mamlaka. Lakini mambo manne tunayaweza tangu leo. Kwanza, katekista awe na majina ya wagonjwa wa muda mrefu, na padri awapake mafuta wakati wangali wanasema na kula. Pili, tuwafundishe jamaa kuosha kidonda, kumugeuza mugonjwa, kulowanisha midomo yake. Tatu, tuwapatanishe watu akiwa muzima; jambo hilo wazee walilijua. Ine, siku ya kilio tusimame karibu na mujane na muzee, kabla mutu hajataja jina la mulozi.

Yule mama nilimupaka mafuta, akafa usiku ule. Asubuhi nilisikia wanaume wakinongona juu ya shangazi muzee, yeye aliyemuosha miezi minane. Nilikaa pale siku tatu, karibu na mukeka wake, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya. Hakuna aliyemugusa. Lakini miezi minane ile, nilikuwa wapi?